Lampe ya Redio ya Tantine Véro

Karatasi walinipa mimi. Katika kila kilio kuna mtu mmoja anayepewa karatasi na kalamu, na katika ukoo wetu mtu huyo ni mimi, kwa sababu nilifundisha fizikia miaka mingi na watu wanaamini kwamba mwalimu hakosei kuandika majina. Ilikuwa asubuhi, mwezi uliopita, Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Tantine Véro, na tantine kwetu ni mama mdogo au shangazi, alikuwa amefariki hospitalini alfajiri ile. Wanawake walikuwa wamekwisha kutoa viti sebuleni na kutandika mikeka, mtu alikuwa anasugua sufuria kubwa uani kwa mchanga, na Clémence, binti yake wa mwisho, alikaa mbele yangu akinitajia majina huku macho yake yameelekea ukutani. Siku hizi habari zinakimbia kwenye simu, hilo najua, lakini kwetu kifo ambacho hakijasomwa redioni saa sita mchana ni kama bado hakijatokea. Kwa hiyo niliandika tangazo kwa mtindo wake wa siku zote: familia fulani na fulani zinasikitika kuwajulisha ndugu, jamaa na marafiki walioko Lubumbashi, walioko Kipushi, walioko Kolwezi. Nikaandika Likasi, nikatia koma.

"Tosha ile, yaya Philo," Clémence alisema, akitaka niifute. "Ba Likasi apana. Mama alikatala hata kusikia jina yabo."

Kalamu yangu ikasimama. Nina tabia ya kuzungukazunguka nikiwa na jambo gumu la kusema, wanafunzi wangu walilijua hilo na walilitumia kupoteza saa ya somo, basi safari hii nitasema moja kwa moja. Nyumba ya Katuba na nyumba ya Likasi hazikusalimiana kwa zaidi ya miaka thelathini, na sababu yake ni kichupa cha kioo kisichozidi kidole gumba, ambacho mimi nilikihamisha kutoka tundu moja hadi jingine kwa mikono yangu hii. Tantine amekwenda bila kuambiwa. Nilikaa na ile karatasi magotini, nikasikia harufu ya mchanga na majivu kutoka uani, na mwaka ule ukaja wote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza sekondari nikisubiri nafasi chuo kikuu, na wakati ule kusubiri hakukuwa na tarehe. Nililala katika chumba cha mbele cha Tantine Véro, na chumba hicho nakiota hadi leo: sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka inateleza, dirisha lenye nondo linalotazama baraza, kabati la vyombo ambavyo havikutumiwa hata Krismasi, na juu ya kabati, kwenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono, redio. Ilikuwa redio ya zamani, ya lampe, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, yenye mbao za kung'aa na kioo cha kijani mbele kilichoandikwa majina ya miji ambayo hakuna aliyeijua. Ukiiwasha haikujibu papo hapo. Ilikaa kwanza ikifikiri, ikatoa harufu ya vumbi lililopata moto, kisha sauti ikaja polepole, kama mtu anayetembea kutoka mwisho wa barabara. Kabla ya saa sita wanawake wa avenue yetu walikuwa wanafika mmoja mmoja na nyungo zao za lengalenga, wanakaa barazani chini ya dirisha na kuendelea kuchambua mboga. Kuna waliokuwa na transista, ndiyo, lakini betri zake ziliwekwa kwa ajili ya mpira wa Jumapili. Kwa habari za vifo, avenue nzima ilitegemea kabati la Tantine.

"Munyamaze," alikuwa anasema, mwiko wa bukari mkononi, "bafu banapita."

Na wafu walipita kweli, kwa sauti ya mtangazaji isiyo na haraka, na watoto wao, na wakwe zao, na mitaa yao. Mara moja moja mwanamke barazani aliguna, "Eh, huyu nilimujua," na nyungo zikasimama kidogo. Tangazo la mwisho lilipokwisha Tantine alizima, akavuta pumzi na kusema, "Bon. Tuko bote." Maana yake hakuna wa kwetu. Kisha akarudi kusonga bukari, na tukala na ndagala na pilipili kwa raha ya watu waliosamehewa siku nyingine. Nimekula katika nyumba nyingi tangu wakati ule, nyingine zenye meza za kioo, na sijaipata tena raha ile ya saa sita na nusu.

Nyumba yangu ya pili mwaka ule ilikuwa ua wa Baba Kalonji, viwanja vitatu mbele. Baba Kalonji alikuwa seremala, mtu wa Kasai aliyekuja Katanga kijana, na mashine za mbao zilikuwa zimemla masikio, kwa hiyo alizungumza kwa kupaza sauti hata alipokuwa anasali. Mwanawe Crispin alinizidi miaka minne, ndiyo maana nilimwita yaya, yaani mkubwa wangu, ingawa alikuwa mwembamba kuliko mimi na mwoga wa mvua. Alitengeneza redio za watu. Lakini alichokitaka hasa ni kuunda ampli, kisanduku cha kukuza sauti ya gitaa, kwa mikono yake mwenyewe, kutokana na vitu vilivyokataliwa na wengine. Majirani zao walikuwa wanaume wanaofua shaba, wale wanaochora kwa nyundo picha za wanyama na wanawake wenye mitungi kwenye mabamba, na nyundo zao zililia mchana kutwa, tok tok tok, mpaka ukisinzia uani pale unaota mvua. Walimpa Crispin bamba moja lililoharibika, la swala mwenye mguu uliopinda. Akaligeuza, akalikata, akalitoboa matundu matano, na lampe tano zikasimama juu ya mgongo wa swala aliyelala kifudifudi. Kisanduku chenyewe alikichonga Baba Kalonji kwa mbao nyekundu ya mulombwa. Kilimchukua wiki tatu, peke yake, na tulipochungulia alitufukuza kwa brashi ya gundi.

Gitaa lilikuwa la parokia. Mimi nilikuwa msichana wa kwanza kulishika katika kwaya yetu, na kila Jumapili nilihisi macho ya akina mama mgongoni, mengine ya kujivunia, mengine ya kungoja nikosee. Sikukuu ya parokia ilikuwa inakaribia. Maître Donatien, kiongozi wa kwaya, mtu wa suruali iliyopigwa pasi kali, alikuja kuisikiliza ampli yetu uani, akainamisha kichwa, akasema, "Muzuri. Lakini mule ndani iko inzi. Kama inzi haijatoka mbele ya sikukuu, gitaa inarudi mu kabati, tutaimba na harmonium." Nilitaka kupiga siku ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Hata chuo sikukitaka namna ile. Nilikuwa nikitembea barabarani vidole vyangu vinabonyeza nyuzi ambazo hazipo.

Na inzi alikuwepo. Kila nilipopiga uzi mnene wa noti ya la bila kuubonyeza, nyuma ya sauti yenyewe ilifuata sauti nyingine ndogo, jjjj, ikakaa kidogo, ikafa. Nyuzi nyembamba zilikuwa safi. Crispin alisikiliza kwa siku mbili, akiwa amefumba macho, kisha akatoa hukumu. "Iko lampe. Ndani ya lampe kuko bibati bidogo na nyaya kama nyuwele. Ikizeeka bintu binaregea, binatikisika, na ule mutikisiko unatokea mu spika na kujifanya muziki." Akafunga madirisha ya chumba chake ili kuona vizuri. Lampe zilipowaka kila moja ilikuwa na kijikaa chekundu ndani, na chumba kikawa na rangi ya chai. Akachukua penseli, akaigeuza upande wa kifutio, akagonga lampe ya kwanza polepole. Kwenye spika ikasema tok. Ya pili, tok. Nje wafua shaba nao walikuwa wanagonga, na nilishindwa kujua ni nani anamjibu nani. Ya tatu ikasema ting, ikavuma kama kengele ndogo ya altareni, na Crispin akanitazama na tabasamu ambalo nalikumbuka vizuri kuliko uso wake wa leo. "Njo huyu," ndiye huyu, alisema kwa kunong'ona, kana kwamba lampe ingesikia na kukimbia. Akaitia alama nyekundu kwa rangi ya kucha ya dada yake.

Tulikuwa na ushahidi mwingine pia. Kabla ya kisanduku kumalizika tulikuwa tukipiga kila kitu kikiwa wazi mezani, lampe na spika, na inzi hakuwepo. Kwa hiyo tukafungua tena, tukatoa bamba la shaba pamoja na spika, tukaviweka mezani: safi kabisa. Tukarudisha ndani: jjjj. Tukakubaliana kwamba spika ikiwa chumba kimoja na lampe inazitikisa, na ile mbovu inalia. Tungetoa lampe peke yake na kuiacha spika ndani, mambo yangekuwa mengine, lakini waya zilikuwa fupi na tulikuwa wavivu wa kuunga waya. Miaka yote niliyofundisha niliwaambia wanafunzi wabadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na walidhani nimelisoma kitabuni. Tulikata pete za mpira wa ndani wa baiskeli, tukazivisha lampe shingoni. Tukaweka sponji chini ya bamba. Inzi hakujali. Ilibaki kubadilisha ile ya tatu, na namba iliyoandikwa kwenye kioo chake Crispin aliitafuta mji mzima, akarudi na vumbi kwenye nyusi. "Nikipata moja tu ya namna hii, tumepona," alisema. Nilikuwa nafuta vumbi nyuma ya redio ya Tantine kila Ijumaa, na kupitia matundu ya ubao wa nyuma nilikuwa nimekwisha kuiona namba ile.

Nilifanya Jumamosi, Tantine alipokwenda sokoni. Skrubu nne, kisu cha mezani. Ndani kulikuwa na vumbi laini na utulivu, na lampe zilikuwa bado na joto la taarifa ya asubuhi. Niliyoitaka niliitoa kwa leso. Ilikuwa vuguvugu kiganjani, kama yai lililotagwa sasa hivi. Mahali pake nikaweka ile yenye alama nyekundu, nikafunga, nikalinyoosha kitambaa. Nilijiambia ni kwa wiki moja. Nilijiambia redio haina nyuzi, hakuna wa kuipiga la. Crispin nilimdanganya kwamba nimeipata kwa mzee mmoja wa vyuma chakavu, naye akaishika kwa mikono miwili akacheka kama mtoto. Tukaipachika. Tukaigonga: tok, tamu kabisa. Nikapiga uzi wa la.

Jjjj.

Tulikaa chini, wote wawili, juu ya maranda. Baadaye Crispin akasema labda inzi walikuwa wawili, tumemtoa mmoja, mwingine bado. Ningeweza kuirudisha lampe ya Tantine siku ileile. Nimejiuliza jambo hili mara nyingi kuliko sala nilizosali, na jibu ni dogo, linanitia haya: ningelazimika kumwambia Crispin kwamba nilimdanganya. Ni hivyo tu. Aibu ya dakika moja ilinishinda.

Jumamosi na Jumapili vifo havikusomwa. Jumatatu saa sita kasoro Tantine aliwasha redio. Ikafikiri, ikatoa harufu yake, kisha ikapiga mluzi mkali uliowafanya wanawake barazani kuziba masikio. Leo najua kwa nini. Lampe ile ilikuwa na masikio makali mno. Ilisikia spika iliyo karibu nayo, ikalia, ikasikia kilio chake yenyewe, ikalia zaidi. Tantine akazima, akawasha, akapigapiga mbao kwa kiganja kama anavyompiga mtoto mgongoni ili acheue. Mluzi. "Imechoka, maskini," alisema. "Philo, umuambie Crispin akuye aitazame." Nikajibu, "Ndiyo, Tantine." Sikumwambia. Crispin angefungua ubao na kuiona alama yake nyekundu. Nikajisemea Jumapili, baada ya misa ya sikukuu, nitairudisha kabla hata ya kuvua viatu. Jumanne wanawake walikuja kwa mazoea, wakachambua lengalenga wakiitazama nondo ya dirisha. Jumatano pia. "Leo bafu habakupita," mmoja alisema, na wengine wakacheka kidogo. Tantine alikula bila kuinua kichwa. Hakusema kwamba tuko wote, kwa kuwa hakujua.

Ijumaa tulikuwa tumefungua kila kitu tena, lampe zimepangwa kwenye kitambaa, kisanduku kitupu kimelala kifudifudi, ndipo Baba Kalonji akaingia na kikombe chake. "Munatafuta nini siku yote?" alipaza sauti. Crispin akamwinamia sikioni: "Kelele, Baba. Kuko kintu inalia mu ampli." Mzee akatuamuru tuirudishe spika na lampe ndani. Tulipomaliza aliweka kiganja juu ya mbao, maana alisikia zaidi kwa mkono kuliko kwa sikio, akaniambia, "Piga." Nikapiga la. Uso wake ukafunguka. "Njo ile!" alisema. "Inalia muzuri, hapana?" Kisha akageuza kisanduku na kutuonyesha kwa kidole. Nyuma kabisa, kwenye ubao wa ndani ambao hatukuwahi kuutilia maanani, kulikuwa na tundu la ukubwa wa kidole, na juu yake amegandisha utando mweupe, mwembamba, ule ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Kwao Kasai, alituambia, watengenezaji wa madimba, zile marimba za mbao, huweka utando huo kwenye vibuyu vilivyo chini ya kila ubao, ili ubao ukipigwa uwe na sauti ya kiumbe. "Bila ile, mbao iko bubu," alisema. "Nilitafuta ule utando mu manyumba yote ya avenue. Nilijua mutafurahi."

Crispin aliangalia chini. Mimi ndiye niliyesema, na nilisema kwa upole wa mtu anayetaka kupata chake: "Lakini Maître Donatien hatakubali, Baba." Mzee alinitazama, kisha akamtazama mwanawe. "Munataka nitoshe?" Nikasema ndiyo. Akaingiza kidole gumba tunduni, taratibu, na utando ukapasuka kwa sauti ndogo ambayo yeye bila shaka hakuisikia. "Bon," alisema. "Sasa iko safi." Akachukua kikombe chake akatoka.

Siku ya sikukuu nilipiga vizuri, na hilo sitalikana. Sauti ilipanda mpaka kwenye mabati ya kanisa ikiwa safi kama Maître Donatien alivyotaka, watu walisimama, akina mama walipiga vigelegele, hata wale wa kungoja nikosee. Nilipopiga la nilijikuta nangoja kitu kifuate, na hakuna kilichofuata. Baada ya misa niliing'oa lampe ikiwa ya moto, nikaifunga kwenye leso, nikakimbia nyumbani na gauni langu jipya. Barazani kulikuwa na viatu vingi. Tantine Véro alikuwa amekaa sakafuni jikoni, kitambaa cha kichwa kimetoka, miguu imenyooka mbele yake. Dereva mmoja wa lori aliyetoka Likasi alikuwa amemkuta kwenye lango la kanisa na kumpa pole ya kaka yake. Baba Anselme, kaka yake wa pekee, alikuwa amefariki Jumanne na kuzikwa Alhamisi. Kifo kilitangazwa mara mbili, Jumanne na Jumatano, saa sita mchana. Jina la kwanza katika tangazo lilikuwa la Tantine.

Wakati wanawake wanamwimbia jikoni, mimi nilikuwa chumba cha mbele na kisu cha mezani, nairudisha lampe kwenye tundu lake kwa haraka mpaka skrubu moja ikaanguka na sikuiona tena. Kesho yake nilimsindikiza Likasi. Kwetu, dada wa marehemu ndiye anayekaa upande wa kichwa mpaka mwili utoke nyumbani, na asipokuwepo hakuna anayethubutu kukaa hapo. Mama Léontine, mjane na wifi wa Tantine, alisimama mlangoni na hakusogea.

"Tulitangaza siku mbili, Véro."

"Radio yangu ilikuwa imekufa, mulamu. Nakuapia."

"Radio yako? Ile ya avenue muzima? Njo imechagua juma hii ya kufa?" Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu angepaza. "Kichwa ya ndugu yako ilikuwa pekee. Siku mbili nafasi ilikuwa wazi, tunatazama tu mulango."

Mimi nilisimama nyuma na mfuko wa unga tulioleta. Mdomo wangu ulikuwa hapo, ulimi ulikuwa hapo. Tukarudi na unga wetu. Jumanne saa sita kasoro, kwa mazoea ya mkono tu, Tantine aliwasha redio, nayo ikafikiri, ikatoa harufu yake, ikasema. Sauti nzuri, ya zamani. Wanawake barazani wakatazamana. Tantine alisimama mbele yake, mwiko mkononi. "Ilijua," alisema. "Ilijua, ikakatala kuniambia. Ilinihurumia." Na tangu siku ile aliifuta vumbi yeye mwenyewe, akaishonea kitambaa kipya, akawaambia wageni kwamba redio hii ilimpenda. Mtu anaweza kufa kwa haya hata akiwa anaendelea kula na kutembea. Mimi nilikula na kutembea. Chuo kilinipokea, nikachagua fizikia, gitaa likarudi kwenye kabati la parokia na kupata mchezaji mwingine. Baba Kalonji alikufa miaka michache baadaye. Crispin anatengeneza simu mjini sasa, ananitumia salamu za mwaka mpya, na kile kisanduku chekundu anakikalia dukani. Lampe yenye alama nyekundu nilibaki nayo. Imekaa kwenye kopo la vifungo, katika kila nyumba niliyohamia.

Yote haya nilimwambia Clémence asubuhi ile, karatasi magotini, kwa maneno machache kuliko haya. Mwaka ule yeye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na amekua akifundishwa kwamba Likasi kuna watu wabaya. Alinisikiliza bila kunikata. Nilipomaliza aligeuka kuitazama redio, ambayo iko palepale juu ya kabati, na haijasema miaka mingi.

"Mama amekufa anaamini ile kintu ilimupenda," alisema.

"Najua."

Alilia kidogo, kwa hasira, akajifuta na kiganja. Nilijua hasira ile ni yangu, na sikumwomba aipunguze. Kisha akaigonga karatasi kwa kidole. "Andika. Tia jina ya Mama Léontine ya kwanza."

Tangazo lilisomwa saa sita. Kesho yake, mwili ulipokuwa umeletwa nyumbani, gari lilisimama nje na wajukuu wawili wakamteremsha Mama Léontine, mdogo, mwenye fimbo, kitenge cha msiba kimefungwa imara kiunoni. Kilio kilipungua chumbani. Tantine hakuacha dada, kwa hiyo upande wa kichwa ulikuwa wa nyumba ya kaka yake, na mkeka ule ulikuwa wazi tangu asubuhi. Nilipiga magoti mbele ya yule mama mlangoni, kabla hajavuka kizingiti, nikamweleza mbele ya watu wote, nikafungua leso niliyofungia ile lampe yenye alama nyekundu. Aliichukua lampe, akaileta karibu na macho, kisha akaitikisa sikioni. Kitu kilicholegea ndani kikalia, kidogo sana.

"Inalia mpaka leo," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na tisa."

Aliitikisa tena. "Weye ulikuwa mutoto," alisema. "Miye nilikuwa mutu mukubwa. Aliniapia, pale ku mulango yangu, na miye shikumuamini." Akaifunga lampe kwenye ncha ya kitenge chake, fundo mara mbili, hakunirudishia. Akaniegemea begani ili avuke kizingiti, akapita katikati ya wanawake, akaketi upande wa kichwa.